Sista na Simu Isiyofungwa

Sikuwahi kumwona Sista akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Chai yake ilipatikana nusunusu kila mahali: kikombe kimoja juu ya mzani wa watoto, kingine dirishani, kingine ukutani karibu na tangi la maji, tayari kimeingiwa na inzi. Akikikuta kimepoa alikinywa kwa mkupuo mmoja, akakunja uso kama aliyemeza dawa, akaondoka tena.

Alikuwa nesi, na ndiye aliyeiendesha zahanati ile ndogo upande wa Muhuru Bay. Kwetu nesi wa kike huitwa Sista, na wala hakuwa mtawa. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume Nairobi, mabega mapana, na sauti iliyosikika mpaka ufuoni wanakoanika dagaa wa omena. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni, nimetumwa kutoka Kehancha kufundisha shule ya sekondari, nikapanga chumba katika ua uliopakana na zahanati. Kijaluo changu kilikuwa cha salamu tu, na yeye Kikuria hakukijua kabisa, kwa hiyo tuliishi kwa Kiswahili miaka yote ile. Aliniita nyar Kuria, binti wa Wakuria, na hakuniita jina lingine hata siku moja.

Neno lake lilikuwa "Bado?" Alimwuliza hivyo mama mwenye uchungu, akaiuliza sufuria jikoni, akamwuliza mwenye gari la Migori aliyekuwa akisubiri abiria. Aliwahubiria akina mama subira asubuhi nzima, kisha akala yai lisiloiva kwa sababu hakuweza kulingoja.

Simu aliinunua Migori mjini, katika duka la mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu kutoka upande wa Garissa, miaka ile simu za kugusa kioo zilipokuwa bado ni kitu cha kutazamwa. Sote tulijua ameenda kununua viti vya sebuleni. Tulikuwa tumeambiwa hadi rangi ya mito. Jioni akashuka kwenye gari akiwa na kiboksi kidogo kama cha sabuni.

"Viti viko wapi, Sista?" nikamwuliza.

"Viti ni hivi," akasema, akainua kile kiboksi. "Yule mzee wa duka ameniambia hii ni kompyuta, ni ramani, ni redio, ni kamera. Kiti ni kiti tu."

Wageni wake waliendelea kukalia benchi.

Tatizo la kwanza la simu ile lilikuwa kwamba haikujua iko nchi gani. Ukisimama kwenye mlango wa zahanati, minara ya ng'ambo ya mpaka iliivuta, ujumbe ukaingia: Karibu Tanzania. Sista alikasirika kana kwamba ametukanwa. "Mimi niko kwangu!" aliiambia. Kupigiwa ilipigiwa popote, lakini akituma kitu ikiwa Tanzania ilimeza salio lake lote, kwa hiyo ikambidi apande kilima cha nyuma ya shule ya msingi, kwenye jiwe moja bapa ambako mtandao wa Kenya ulishika. Basi ukimtafuta Sista, unatazama kwanza kilimani. Unaona gwanda jeupe limesimama juu ya jiwe, mkono mmoja umeinuliwa, likigeuka polepole upande huu na upande ule.

Wazee walicheka. Mmoja alisema serikali imetuletea nesi, naye amegeuka mnara. Lakini hawakucheka tena baada ya yule mtoto aliyeumwa na nyoka.

Aliletwa mchana na baba yake, na huyo nyoka mwenyewe ameletwa kwenye ndoo, amekufa. Mguu wa mtoto ulikuwa umefungwa kamba ya nyavu kwa nguvu mpaka umegeuka rangi, na mjomba alikuwa na wembe mkononi akitaka kuchanja. Sista alimpiga picha nyoka, akampiga picha mguu, akapanda kilima mbio na ule unene wake. Homa Bay kulikuwa na daktari kijana aliyewahi kukaa kwetu akifanya mafunzo, na Sista alimtumia mambo yote yaliyomshinda. Jibu lilimkuta akiwa bado jiweni. Alishuka akipiga kelele kutoka mbali, "Fungua kamba! Tupa huo wembe! Huyo nyoka ni moma! Migori wanamngojea!" Mtoto alirudi nyumbani na miguu yake miwili. Baba yake alileta jogoo, akataka kumkabidhi Sista mbele ya watu. Sista akamwambia, "Mpelekee daktari Homa Bay. Mimi nilipanda mlima tu."

Tangu hapo simu ile ikawa ya kijiji. Akina mama waliojifungua walitaka picha ya mtoto kabla hajafumbua macho. Wavuvi walikuja kuuliza kama upepo utavuma alasiri, na alipowasomea kilichoandikwa kiooni, wakaangalia mbingu wenyewe wakakataa, au wakakubali, ilitegemea walichokuwa wameamua tayari. Bibi mmoja aliyekuwa na jino bovu alifumba mdomo kabisa alipoona kamera, akasema kinywa chake hakisafiri kwenda Homa Bay bila yeye. Sista alicheka mpaka akashika ukuta. Baadaye, mambo yalipoharibika, nilimkumbuka sana yule bibi.

Sitasema simu ilimpa Sista wasiwasi, maana wasiwasi alikuwa nao. Ilichofanya ni kumpa mahali pa kuuweka. Aliibeba ndani ya leso, leso ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, mfuko ndani ya blauzi, na kila baada ya muda mfupi ungeona mkono wake unapanda kifuani kuigusa. Alizungumza nawe huku jicho moja limeshuka. Na mwanawe wa Nairobi, aliyekuwa akipiga simu mara moja moja na kila mtu akaridhika, sasa alianza kumkosesha amani.

"Zamani akinyamaza wiki mbili, nilijua yuko kazini," aliniambia tukitandaza nguo kwenye kamba. "Sasa akinyamaza saa moja, najua amesoma na amenyamaza."

"Si labda ana shughuli, Sista?"

"Shughuli gani? Hapa inaonyesha alikuwa kwa simu sasa hivi." Akanionyesha kioo. "Nyar Kuria, kuna vitu mama hafai kuonyeshwa."

Halafu kulikuwa na chaji. Simu za kubonyeza tulizokuwa nazo sisi wengine zilikaa siku nyingi. Ile ya Sista ikifika adhuhuri imelegea. Zahanati ilikuwa na umeme wa jua uliotosha friji ya chanjo peke yake, na Sista hakuruhusu hata taa ya pili iwashwe humo. Hivyo kila siku simu ilipelekwa kwa kinyozi pale kituo cha magari, aliyekuwa na stima na waya nyingi zilizoning'inia ukutani. Ilikaa pale saa nzima au zaidi, katikati ya wateja wanaosubiri kunyolewa.

Nami nilimwuliza kwa nini haiwekei paswadi. Hakunijibu kama mtu aliyesahau, alikuwa amefikiri. "Daktari akipiga na mimi nimeshika mtoto kichwa kinatoka, nani atafungua? Ikiwa imefungwa, kinyozi hawezi kupokea. Ikiwa wazi, anapokea, anakimbia kuniletea." Na kweli, mara kadhaa nilimwona kinyozi akivuka barabara mbio na ile simu, wembe bado uko mkono wa pili, mteja nyuma amebaki na kichwa nusu.

Mama Apiyo alikuwa mwanika omena, mwanamke mwembamba, mnyamavu, mwenye leso moja ya zambarau yenye maua makubwa ya njano ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo ufuoni. Mumewe alikuwa na mitumbwi, na kanisani alikaa kiti cha mbele. Siku aliyokuja zahanati nilikuwa nimeenda kuomba dawa ya kichwa. Alitembea kama mtu aliyebeba maji yasiyotakiwa kumwagika. Alisema ameteleza kwenye mawe ya ziwani.

Sista alimwingiza ndani, akafunga mlango. Hayo mengine aliniambia yeye mwenyewe baadaye, na sikuyasema kwa mtu mpaka yalipokuwa yamesemwa na kila mtu. Mgongo wote ulikuwa na alama za fimbo, mpya juu ya kuukuu, na mkojo wake ulikuwa na damu. Sista aliogopa figo. Alimwambia daktari wa Homa Bay anahitaji kuona. Mama Apiyo akajifunika uso na kichwa kwa ile leso, akageuka ukutani, akasema, "Mgongo tu. Sura hapana."

Picha ilipigwa. Sista alipanda kilima, akaituma, akapewa maagizo, akampa Mama Apiyo dawa na barua ya kwenda hospitali. Alichotakiwa kufanya baada ya hapo ni kuifuta picha. Lakini daktari alikuwa amesema atamwuliza mwenzake kisha apige, na simu ilikuwa inakata roho. Sista akaipeleka kwa kinyozi. Wazi, kama kawaida.

Wateja walikuwa na mazoea ya kuitazama ile simu. Waliangalia picha za watoto wachanga, wakabishana nani amefanana na nani. Siku ile mmoja aligusa kioo akakutana na mgongo. Wangenyamaza pale pale, labda, kama si ile leso. Mtu akasema, "Hii si leso ya Mama Apiyo?" Na mwingine aliyekuwa na simu yenye bluetooth akaisogeza karibu.

Kinyozi aliniapia kwamba hakuona; alikuwa amewapa kisogo, anasafisha mashine. Namwamini. Ilichukua muda mfupi kuliko kunyoa kichwa kimoja. Jua lilipoanza kushuka picha ilikuwa ufuoni, inatoka mkono hadi mkono kati ya wanaume waliokuwa wakishona nyavu. Wengine walikuwa na hasira na yule mume. Wengine walicheka tu. Sijui kipi kilimwuma Mama Apiyo zaidi.

Alikuja zahanati kesho yake, palipokuwa na foleni ya chanjo. Hakupandisha sauti. Alisema Kiswahili, lugha ya ofisi na ya watu wasio wa nyumbani; nadhani alikichagua makusudi.

"Nilikupa mgongo wangu uutibu, Sista. Wewe ukautembeza."

Wanawake wa foleni waliinamisha vichwa juu ya watoto wao. Nilimtazama Sista, mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu, nikangoja aseme habari ya kinyozi, ya chaji, ya wale wateja. Hakusema. Alisema, "Ndiyo." Kisha, "Nisamehe." Mama Apiyo alikuwa ameshageuka.

Mchana ule Sista alifunga zahanati mapema, jambo ambalo sikuwa nimeliona. Akashuka ufuoni na gwanda lake. Alienda kwa mtu mmoja mmoja mwenye simu inayoweza kubeba picha, akanyoosha mkono. "Fungua. Nionyeshe. Futa." Wapo waliomletea ubishi. Alisimama tu mbele yao, hakuondoka, mpaka aibu ikawashinda. Kijana mmoja alimwambia, "Sista, nilishafuta." Akamjibu, "Basi futa tena niangalie." Alipomaliza ufuoni alienda kituoni, kisha kwa waendesha bodaboda, kisha akapakiwa na mmoja wao mpaka soko la jirani. Alirudi sauti imekauka. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Zimeisha?" nikamwuliza.

"Sijui," akasema. "Hiyo ndiyo shida. Jeraha najua likipona. Hii sitajua."

Mama Apiyo hakukaa tena hata wiki. Aliondoka na watoto, akaenda kwa kaka yake upande wa Homa Bay. Mumewe aliondolewa kiti cha mbele kanisani, na kwa mara ya kwanza watu walimsema hadharani kwa lile walilolijua miaka mingi. Hapo wakaanza kumfariji Sista. Mama mchungaji alikuja na mkate, akaketi kwenye benchi, akasema, "Usijilaumu. Mungu ametumia hiyo simu kumtoa yule dada mle ndani."

Sista alikuwa amesimama, kama kawaida. "Mungu angemwuliza kwanza mwenye mgongo," akasema. Mkate ule tuliula mimi na majirani, yeye hakuuonja.

Akaizima simu, akaitia kwenye sanduku la nguo chini ya kitanda. Nilidhani sasa atatulia. Badala yake alikuwa mbaya zaidi. Mkono ulipanda kifuani, ukakuta hakuna kitu, ukashuka, ukapanda tena. Alipanda kile kilima bila simu, akasimama jiweni, akashuka. Alifagia ua wa zahanati mpaka vumbi lenyewe likaisha. Nilipomwambia aitoe, alinijibu kwa ukali, "Mimi nilifanya kazi hii kabla ya simu. Watu walipona."

"Na wengine?"

Akachukua ufagio tena.

Mama mmoja aliyevuja damu baada ya kujifungua aliletwa katika siku hizo, kwenye mkokoteni wa samaki. Nilisikia Sista akiniita kupitia ukuta, nikakimbia na simu yangu ya kubonyeza. Akataka kumpigia daktari. Namba ya daktari ilikuwa wapi? Ndani ya ile simu. Namba ya dereva wa gari la wagonjwa? Humo humo. Niliitoa sandukuni, nikabonyeza. Ilikuwa imekufa kabisa. Nilikimbia nayo kwa kinyozi, nikasimama pale nikiangalia kioo cheusi, nikasema kwa sauti, "Bado? Bado?" Watu waliokuwa kwenye viti waliinuka wote wakasimama pamoja nami.

Yule mama alifika Migori hai, kwa gari la mfanyabiashara wa samaki lililokuwa likipita kwa bahati. Alipona. Lakini Sista aliona jinsi uzi ulivyokuwa mwembamba. Tangu siku ile simu ilirudi kifuani, na mambo mawili yalibadilika. Iliwekwa paswadi ambayo hakumwambia hata mwanawe. Na hakuipeleka tena kwa kinyozi. Alinunua kijisahani cha umeme wa jua, akakitandaza uani, na saa ya chaji alikaa kando yake kwenye kigoda, kwa sababu hakuthubutu kuiacha. Ikiwa daktari anapiga, atapokea yeye. Ikiwa kuna mgonjwa, mgonjwa ataletwa pale kwenye kigoda. Hivyo ndivyo nilivyomwona Sista akiketi, hatimaye, nusu saa nzima kila siku, magoti yakicheza.

Picha za wagonjwa aliendelea kupiga. Aliomba ruhusa kwa maneno mengi mno, mpaka wengine walichoka: itaenda kwa nani, ataiona nani, nitaifuta lini, niifute mbele yako? Mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu alimkatiza, "Sista, piga basi, mguu utaoza tukizungumza." Alipiga. Akafuta mbele yake. Mzee hakujua hata anachoonyeshwa.

Nilihamishiwa Migori mjini, yeye akastaafu, tukapotezana kwa namna ile watu wanavyopotezana siku hizi wakiwa na namba za simu za kila mmoja. Mwaka jana nilikwenda Homa Bay kwa semina ya walimu, nikamwandikia bila kutegemea jibu. Alijibu kabla sijaweka simu chini. Alikuwa amehamia huko, kwa dada yake.

Tulikutana sokoni karibu na ziwa. Amekonda, nywele nyeupe, lakini bado alikuwa akitembea mbele yangu hatua kadhaa na kunigeukia akinisubiri. Nilimwuliza kwa nini Homa Bay, na si kwao.

"Mama Apiyo yuko hapa," akasema. "Anauza samaki."

Alikuwa amemtafuta. Siku ya kwanza alipofika mezani kwake, Mama Apiyo alimtazama, akamtazama mteja aliyefuata. Siku ya pili Sista aliomba msamaha kwa maneno aliyokuwa ameyapanga miaka, na Mama Apiyo akamwuliza, "Unanunua, hununui?" Akanunua. Tangu hapo ananunua kila siku ya soko. Samaki wanafungwa kwenye gazeti, habari inaishia hapo.

"Umechoka?" nikamwuliza.

"Nyumbani wamechoka na samaki," akasema. "Mimi sijachoka."

Tulifika mezani. Mama Apiyo alikuwa amenenepa, ana aproni, na simu kubwa imesimamishwa kwenye kopo la chumvi. Alipiga picha ya samaki watatu aina ya ngege waliopangwa vizuri, akamtumia mteja, akapokea jibu, akawatia kwenye mfuko, yote hayo bila kutuangalia. Alinitambua mimi kwanza. "Mwalimu," akasema, akanipa kifundo cha mkono nishike, mahali pasipo na magamba. Sista akamwagiza samaki wawili. Akafungiwa.

Tulikuwa tumegeuka tuondoke.

"Sista."

Aligeuka haraka mpaka nikashika kiwiko chake.

Mama Apiyo alikuwa amechukua simu yake mezani. Alifuta kioo kwa aproni, akaigusa, akaisogeza mbele bila kuiachia. "Apiyo amejifungua. Yuko Nairobi. Mtoto ametoka vipele usoni, hospitali wanasema ni joto. Mimi sijui. Hebu tazama."

Sista aliweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, mfuko wa samaki ukining'inia huko, akainama. Aliangalia kwa muda mrefu. Mwanga wa jua ulikuwa mkali kwenye kioo, akawa anapeleka kichwa huku na huku akitafuta kivuli, lakini mikono haikutoka nyuma.

"Huoni vizuri," Mama Apiyo akasema.

"Naona."

"Huoni." Akanyoosha mkono zaidi. "Shika."

Sista alinipa ule mfuko. Akajifuta viganja kwenye gauni, mbele, nyuma, akaipokea ile simu, akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka uso wa yule mtoto ukajaa kioo chote.

"Ana siku ngapi?" akauliza. "Na ananyonya vizuri?"